Milango ya Vyumbani
Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama, Isiolo



Tumeombwa kusema habari ya kutia milango ya ndani katika nyumba zetu wenyewe. Sisi si maseremala. Tu watu wa reli, na hapa Isiolo hata reli haiko, inakoma Nanyuki. Lakini tumekosa mara mbili, na makosa hayo yamekula mishahara yetu, basi afadhali ninyi myasikie bure.

Wengi wetu tulizoea nyumba za kazini, ambamo mlango ukiharibika mtu huandika barua akangoja. Tulipojenga yetu, fedha zilikwisha kwenye mabati, tukatundika mapazia. Pazia ni zuri mpaka watoto wakue. Mama watoto akasema binti hawezi kuvaa nguo nyuma ya kitambaa kinachopeperushwa na upepo wa Isiolo. Tukanyamaza, tukaanza kuweka akiba.

Kosa la kwanza lilikuwa la mbao. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kukata miti katika misitu yake tangu Februari 2018, bei imepanda, nasi tukachukua tulichopata Nanyuki: mbao mbichi. Nanyuki iko kama mita 1,900 juu ya bahari, Isiolo ni kama 1,100 tu na hewa yake ni kavu. Tuliunga mlango, tukaupachika wiki ile ile. Baada ya miezi miwili ulikuwa umesinyaa hata kidole kinapita kati yake na mwimo. Vile vibao vyembamba tulivyopigilia kufunika ufa wa fremu na ukuta vikajikunja kama majani ya tumbaku.

La pili lilikuwa baya zaidi. Tuliapa kwamba mlango wa chumba cha binti hautakuwa na ufa. Tukaupiga randa Februari, jua kali, ukaingia katika fremu kama droo. Tulijisifu sana. Mvua za Aprili zikaja, ubao ukanywa unyevu, ukafura. Usiku mmoja mtoto alikuwa na homa, tukamsikia anaita, na mlango hauvutiki. Kitasa kilitoka mkononi. Tulimtoa kwa shoka.

Na sisi ndio watu tunaoona kila siku nafasi iliyoachwa kati ya reli na reli, ili chuma kikipata jua kipanuke bila kupinda njia! Ubao nao hupanuka, ila kwa unyevu, na kwa upana wake kuliko urefu.

Basi sasa twafanya hivi. Mbao hulala katika chumba kile kile zitakamokaa, vijiti katikati ili hewa ipite, wiki nyingi. Fremu haitiwi kwa kuamini ukuta, maana ukuta husema uongo. Twatumia timazi na pimamaji, twakaza kwa kabari. Mlango ukipachikwa kiangazi, twaacha nafasi ya unene wa sarafu mbili za shilingi pande zote, na chini nusu inchi. Bawaba ni tatu, za inchi nne, na skrubu hutobolewa tundu kwanza. Anayezipiga nyundo anajitafutia kazi ya mwaka ujao. Rangi hupakwa hata ukingo wa juu na wa chini, pasipoonekana na mtu, kwa kuwa hapo ndipo unyevu huingia upesi. Vile vibao vya kufunika ufa huja mwisho kabisa, lipu ikiisha kukauka.

Habari ya mchwa mwaijua. Reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa 1896 hadi 1901, ilipewa mataruma ya chuma, na mchwa ni sababu mojawapo. Miguu ya fremu isizikwe katika udongo. Ikae juu ya saruji.

Mbao za mlango mpya wa binti zimelala chini ya kitanda chetu tangu mwezi uliopita. Kila Jumapili mama watoto huuliza, nasi twamjibu bado. Pazia limerudi kwa muda.

Mwenye swali na aulize. Na kama yuko fundi hapa anayeona tumepotoka, asimame atusahihishe kabla hatujachukua bisibisi.