KAMBA YA CHUMA NA MTIKISIKO WAKE

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo lililofichika ndani ya kamba ya chuma, nalo ni msuguano wa nyuzi zake.

Chukueni spoku ya baiskeli na kipande cha waya wa breki, urefu wao uwe sawa. Baneni ncha moja ya kila kimoja katika jiliwa, kisha ipigeni ncha ya pili kwa kidole. Spoku itatetemeka kitambo. Waya wa breki utatulia upesi. Sababu yake nini? Spoku ni chuma kimoja kizima, bali waya wa breki ni nyuzi nyingi zilizosokotwa. Upindapo, nyuzi hizo huteleza na kusuguana, na msuguano huugeuza mwendo kuwa joto, ijapokuwa ni dogo mno hata mkono hauliwezi kulitambua.

Wenye elimu ya hesabu hueleza hivi. Kamba ikipindwa kidogo sana, nyuzi hushikana, nayo huwa ngumu kama fimbo moja. Ikipindwa zaidi, nyuzi huteleza, nayo hulegea. Kamba ya nyuzi 7 zitelezazo bila kizuizi hupindika kwa wepesi yapata mara 7 kuliko fimbo moja yenye kiasi kile kile cha chuma. Hapo ndipo ulipo ugumu wa hesabu yake, maana kamba moja ina tabia mbili.

Kamba ya namna hii Wilhelm Albert aliitengeneza mwaka 1834 kwa kazi ya migodi ya Harz, katika Ujerumani. Nyaya nyingi za umeme nazo husokotwa vivyo hivyo, nyuzi za alumini juu ya moyo wa chuma. Msidhani kwamba tufani peke yake ndiyo adui yao. Upepo mwanana wa mita 3 kwa sekunde, ukishika mwendo mmoja juu ya uwanda wa Makonde, waweza kuutikisa waya wenye unene wa milimita 20 yapata mara 28 kwa sekunde. Kwa ajili hiyo, katika miaka ya 1920, George Stockbridge wa Marekani alibuni kitulizo: kipande kifupi cha kamba ya chuma chenye vyuma vizito katika ncha zake mbili, nacho hufungwa chini ya waya mrefu. Waya utikisikapo, kamba ile hupinda, nyuzi zake husuguana, na nguvu ya mtikisiko hupungua.

Lakini msuguano huo uponyao ndio ulao. Nyuzi husagana, hasa zinapobanwa. Hukatika mmoja, kisha wa pili, hata kamba nzima. Basi mwenye kamba ya chuma kisimani na aitazame pale ilipobanwa na pale ipitapo katika kapi. Akiona nyuzi zilizokatika, asimteremshe mtu kwa kamba hiyo. Na waya wa umeme ukianguka, msiukaribie kamwe, bali waiteni wenye kazi yao. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.