Leseni ya Benki na Mkono wa Serikali: Funzo la Tanzania



Nimetakiwa nieleze namna Serikali inavyozipa benki idhini ya kufanya kazi na inavyozisimamia. Nami nitaitazama Tanzania peke yake, ambako Serikali imepata kuwa mtoa leseni, ikawa mwenye benki, kisha ikarudi katika usimamizi.

Benki hufanya biashara kwa mali ya wengine, na mwenye kuweka akiba hana njia ya kujua kama deni lililoandikwa daftarini litalipwa ama limebaki jina tu. Ndiyo maana sheria haimruhusu mtu, angawa tajiri namna gani, kupokea amana za umma pasipo leseni ya Benki Kuu, na mwombaji sharti abainishe mtaji wake umetoka wapi, wenye hisa ni akina nani, na wakurugenzi wake wana ujuzi na uaminifu gani.

Benki Kuu ya Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ikaanza kazi Juni 1966. Kabla haijatimiza mwaka likaja Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa, na mwezi huo huo wa Februari 1967 benki za biashara zikataifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Nia ya kuwafikishia wananchi huduma ilikuwa njema bila shaka. Lakini tangu hapo mwenye benki alikuwa Serikali, wakopaji wakubwa walikuwa mashirika ya umma na vyama vya ushirika, na msimamizi naye alikuwa wa Serikali: mdai, mdaiwa na kadhi wakawa wa nyumba moja. Madeni yasiyolipika yalirundikana hata Tume ya Nyirabu, iliyoundwa kuuchunguza mfumo wa benki, ikapendekeza mageuzi, na sheria ya mwaka 1991 ikawafungulia mlango watu binafsi.

Haukupita muda mrefu ila ikadhihirika kwamba kufungua mlango si kusimamia. Benki ya Meridien BIAO, iliyoingia nchini chini ya sheria hiyo mpya, ilianguka mwaka 1995, na Benki Kuu ikalazimika kuishika. Kwani kazi hasa huanza leseni ikishatolewa: mkaguzi hulifungua jalada la mkopo mmoja mmoja, akauliza marejesho ya mwisho yalilipwa lini, dhamana ina thamani gani leo, na kama mkopo mpya haukutolewa ili kuuficha wa zamani, na deni lililochelewa siku 90 huhesabiwa kuwa chechefu, hata meneja akiapa kwamba mteja ni mtu wake wa siku nyingi.

Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki 5 kwa upungufu wa mtaji, nazo ni Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Mwenye amana alihakikishiwa na Bodi ya Bima ya Amana shilingi 1,500,000 tu, kiwango kilichopandishwa baadaye hadi 7,500,000; aliyekuwa na zaidi ilimpasa asubiri mali za benki zikusanywe na kuuzwa. Maskini mwenye kibubu kidogo alinusurika. Mfanyabiashara wa mji mdogo aliyeweka mtaji wake wote pahali pamoja ndiye aliyeumia.

Kwa hiyo naleta mbele ya semina hii rai mbili. Kwanza, msimamizi asishurutishwe na mwenye mali, awe huyo ni Serikali ama mtu binafsi. Pili, upungufu wa mtaji ushughulikiwe mapema, pangali na kitu cha kuokoa. Kwa maana leseni inayofutwa baada ya mtaji kuliwa huwaadhibu waliokuwa wakilindwa nayo, ilhali waliouharibu huenda wamekwisha ondoka na mishahara yao.