Mji wa Pembeni na Malezi ya Watoto

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, na kupigwa chapa kwa kuombwa na wale waliokosa kuhudhuria.)



Mimi si mpima ardhi wala mwanasheria. Ni karani kama ninyi, baba wa watoto watatu, na neno langu ni dogo. Lakini katika afisi zetu kuna jambo moja lisilotoka vinywani mwetu kila mwisho wa mwezi, nalo ni kiwanja. Huyu amepata Chanika, yule Goba, huyu Bunju, yule Kibaha. Twaulizana bei, twaulizana ukubwa, twaulizana kama umeme umefika. Swali moja silisikii likiulizwa, nalo ndilo nililokuja nalo leo: Je, mahali hapo ni pema pa kulea watoto?

Wenzetu waliotangulia katika kazi hii hawakuwa na taabu ya kuchagua. Zamani za Wajerumani, na baadaye za Waingereza, mji wa Dar es Salaam uligawanywa kwa rangi za watu, na karani Mwafrika alijua kwamba makao yake ni Kariakoo au Ilala. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilikuta mjini watu wapata 69,000 tu. Tazameni sasa: hesabu ya mwaka 2012 ilikuta watu 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 ikakuta 5,383,728. Watu milioni moja na zaidi wameongezeka katika miaka kumi, na wote hao hapana budi walale mahali. Basi mji umejinyosha kufuata njia zake kuu, ya Morogoro, ya Bagamoyo, ya Kilwa na ya Pugu, na sisi twaufuata. Leo twachagua wenyewe. Na mwenye kuchagua ndiye mwenye kujibu akikosea.

Nami nalikuwa katika kuchagua huko. Sisi twapanga vyumba viwili katika nyumba ya watu wengi, choo kimoja kwa jamaa nne, na kodi hutakiwa ya miezi sita kwa mara moja. Watoto hucheza katika uchochoro, na wakipiga kelele mwenye nyumba hukasirika. Basi nilipopata mkopo katika chama chetu cha akiba, nalikwenda na dalali, mimi na mama watoto, siku ya Jumapili alasiri, kutazama kiwanja mbele ya Kibamba, nje kidogo ya barabara ya Morogoro. Upepo ulikuwa mwema, mwembe mkubwa ulisimama katikati, na jirani wa kwanza alikuwa mbali hata sauti yake haikusikika. Moyo wangu ulinunua kabla ya mkono. Lakini mke wangu aliniambia, "Baba watoto, hapa tumepaona wakati wa kupumzika. Turudi tupaone wakati wa kazi."

Twalirudi siku ya kazi, tukafika saa kumi na moja alfajiri. Giza lilikuwa bado. Kandokando ya barabara twalikuta watoto wenye sare za shule, wengine wadogo wa miaka saba au minane, wamesimama wakingoja daladala. Gari lilipofika, utingo aliwapisha watu wazima kwanza, kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Gari likaenda na watoto wakabaki. Likaja la pili, ikawa vile vile. Twalihesabu magari matano kabla mtoto mmoja hajapanda. Kutoka kiwanjani mpaka kituoni ni mwendo wa pikipiki, na pikipiki katika giza hilo si mahali pa kumpeleka mtoto peke yake.

Mara ya tatu twalikwenda wakati wa masika, baada ya mvua ya usiku kucha. Kile kijia cha mchanga tulichokivuka Jumapili kwa viatu vikavu kilikuwa mto, na upande wa pili wa mto ndiko iliko shule ya msingi iliyo karibu. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji alituambia kwamba siku kama hizo watoto hawaendi shuleni. Hakulalamika, alisema kama mtu anavyosema kwamba jua limechomoza.

Nikarudi nyumbani nikafanya hesabu ya saa, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu. Afisini twaingia saa moja na nusu asubuhi. Kutoka kule hapana budi niondoke saa kumi na nusu alfajiri. Na jioni, kwa msongamano wa magari, nifike saa mbili ya usiku. Mtoto wangu mdogo hulala saa moja na nusu. Maana yake ni kwamba siku tano katika saba ningemwona akiwa amefumba macho. Mwenzetu mmoja katika afisi, aliyehamia mbali namna hiyo, alinisimulia kwamba siku moja alibaki nyumbani siku ya kazi, na mwanawe akamwuliza mama yake kwa hofu, "Baba ni mgonjwa?" Mtoto alikuwa hajapata kumwona babaye nyumbani mchana wa siku ya kazi. Mwenzetu alicheka aliponisimulia, lakini kicheko chake hakikuwa cha furaha.

Shuleni kwetu misheni twalifundishwa habari za Lutu, aliyeinua macho akaliona bonde la Yordani lenye maji mengi, akalichagua kwa macho tu, wala hakuuliza habari za watu wa kule wala mwisho wa mambo. Nalifikiri wakati ule kwamba Lutu alikuwa mwenye tamaa. Sasa nafikiri alikuwa baba kama sisi, aliyekwenda kutazama kiwanja siku ya Jumapili.

Basi ndugu zangu, nisiwachoshe. Nitataja mambo manne ambayo mtu ayapime kabla hajatoa fedha yake.

Kwanza ni ardhi yenyewe. Kiwanja kilichopimwa na serikali ni ghali, na shamba lililokatwa vipande ni rahisi; lakini kumbukeni mwaka 2017, nyumba nyingi kutoka Kimara kwenda Kiluvya zilipovunjwa kwa kuwa zilisimama ndani ya hifadhi ya barabara. Katika nyumba zile walilelewa watoto. Kadhalika sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kando ya mito. Ulizeni katika afisi ya ardhi ya wilaya, wala msitosheke na karatasi ya mauziano yenye saini za mashahidi wawili. Na tena mke na mume waandikwe wote wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe, lakini jina lililoandikwa huzuia ugomvi kuliko jina linalotafutwa mahakamani.

Pili ni maji. Mji huu hunywa zaidi maji ya mto Ruvu, na mwezi wa Oktoba mwaka 2022 mto uliposhuka, maji yaligawiwa kwa zamu. Kuona bomba hakutoshi. Waulizeni akina mama hutoka siku ngapi katika juma. Pasipo maji, saa za mtoto wa kike ndizo ziliwazo kwanza.

Tatu ni shule. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali, na hilo ni jema kubwa. Lakini madarasa yamejaa. Ingieni shuleni, mwamkieni mwalimu mkuu, mwulize darasa la kwanza lina watoto wangapi na walimu wangapi. Khalafu tembeeni kwa miguu kutoka kiwanjani mpaka shuleni, kwa mwendo wa mtoto, si kwa mwendo wenu.

Nne ni majirani. Pembeni mwa mji watu wengi ni wageni wao kwa wao, kila mmoja na ukuta wake na geti lake. Mimi nalilelewa na mtaa mzima. Mzee yeyote aliponiona natupa mawe alinikanya, na nyumbani nikashukuriwa yeye, si mimi. Tafuteni mahali ambapo mtu mzima atathubutu kumkanya mtoto wako, nawe utathubutu kumkanya wake. Mjumbe na mwenyekiti wa mtaa watawaambia mengi, na mama muuza mandazi atawaambia zaidi.

Najua yatakayosemwa. Wako watakaosema: mwezetu huyu atutisha, nasi tumechoka kupanga. Hapana. Nyumba yako mwenyewe ni heshima, na mtoto aliye na uwanja wa kukimbia, na kuku wa kulisha, na tuta la mchicha la kumwagilia, amepata elimu isiyopatikana katika uchochoro. Wako wanachama wetu waliohamia mbali na watoto wao wanasitawi, kwa kuwa mama au bibi yuko nyumbani na shule iko jirani. Wala si kila mtu ana uwezo wa kuchagua. Mshahara ndio uchaguao kwa wengi wetu. Ninalosema ni hili tu: pembeni si pema wala pabaya kwa kuwa ni pembeni. Pimeni mahali kwa siku moja ya mtoto, tangu anapoamka mpaka anapolala, wala msipime kwa ukubwa wa kiwanja cha baba.

Mtauliza sisi tulifanyaje. Kile kiwanja cha mwembe twalikiacha, na dalali hakutuaga kwa maneno mazuri. Baada ya miezi minane twalipata kingine, karibu zaidi na mji, nusu ya ukubwa wa kile na bei ile ile. Hakina mti. Mama yangu alipokiona aliuliza wageni watalala wapi, na sikuwa na jibu. Nyumba ingali msingi, na twaendelea kupanga vyumba vyetu viwili mpaka Mungu ajalie. Lakini shule ni dakika kumi na tano kwa miguu ya mtoto, hakuna mto wa kuvuka, na kwa hesabu yangu nitakuwa nikifika nyumbani saa kumi na mbili ya jioni, mdogo wangu akiwa bado macho.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nami naongeza: huwezi kumlea mtoto usiyemwona.