Kijana anayejua kuchora ajue pia kuuza
Maneno kwa familia na viongozi wa Kamanyola

 

Tumekuja kuongea juu ya vijana wetu wanaojifunza kuchora kwa kompyuta: afishi, kaliko, nembo, kadi za ndoa, vibao vya maduka. Wengi wenu mnatuuliza: kijana amemaliza mafunzo, ana cheti chake, mbona anakaa tu nyumbani? Swali hilo ni la haki. Kijana mwenye ujuzi asiye na kazi ni mzigo kwa mama aliyekwisha kupoteza shamba, na sote tunajua ni nani hupita jioni kuwatafuta vijana wa namna hiyo.

Mafunzo mengi ya namna hii hukazia programu za kompyuta na kusahau mteja. Ndiyo maana sisi tunaweka somo la kuuza pamoja na somo la kuchora, na tunawaambia wanafunzi tangu siku ya kwanza: msingojee kuajiriwa. Huku kwetu ofisi za kuajiri wachoraji ni chache sana. Watu wenye haja ya kazi ndogo ndogo ndio wengi: kanisa linaloandaa kongamano, muuza mchele, mwenye duka la dawa, shule, chama cha akina mama wanaovuka kwenda Bugarama.

Jina la kijiji chetu lenyewe linatufundisha jambo. Baada ya mapigano ya hapa ya 1964, Mobutu alilifanya jina la Kamanyola kuwa nembo yake. Divisheni ya jeshi ikaitwa Kamanyola, meli yake kwenye mto Congo ikaitwa Kamanyola, na uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa ulikuwa Kamanyola kabla ya kuitwa Uwanja wa Mashahidi. Nchi nzima ilijua jina hili pasipo kujua barabara ya kufika hapa. Hatujasikia kwamba wenyeji walilipwa hata senti! Lakini tunaona nguvu ya jina linalorudiwa mahali pengi, na kijana anaweza kufanya hivyo kwa jina lake mwenyewe: aandike jina na namba yake ya simu, kwa herufi ndogo, chini ya kila afishi anayoitoa.

Tunawasimulia pia habari za Chéri Samba. Alifika Kinshasa mwaka 1972, akiwa kijana, akafanya kazi ya kuchora vibao vya matangazo. Mwaka 1975 alifungua karakana yake, akawa anaweka picha zake nje ili wapita njia wazione. Aliona kwamba watu hutazama mara moja na kupita, basi akaanza kuandika maneno ndani ya picha, nao wakasimama kusoma. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris. Hakuanza kwa kuitafuta Paris. Alianza na mtu aliyepita mbele ya mlango wake. Wanafunzi wetu wengi wanataka kuanza na Paris.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapo ndipo vijana huumia. Mtu anakuja na kusema, "Nifanyie kaliko, wewe ni mtoto wetu, dola tano zitatosha." Kijana anaona haya, anakubali. Tuhesabu pamoja. Tuseme mahali pa kuchapisha, Bukavu au Uvira, wanaomba dola 15 kwa kaliko hiyo. Usafiri, kadiri barabara inavyoruhusu, tuseme dola 6. Kuchaji kompyuta na kutuma faili, dola 1. Hiyo ni dola 22 kabla kijana hajala. Amefanya kazi siku mbili. Akiomba dola 32 si mwizi. Amejilipa dola tano kwa siku. Tunawafundisha kumwonyesha mteja hesabu hii kwa sauti ya heshima, kwenye karatasi. Mara nyingi mteja alidhani kwamba kompyuta inachapisha bure.

Na avansi ni lazima: nusu kabla ya kuanza, ili pesa ya kuchapisha isitoke mfukoni mwa mchoraji. Masahihisho yawe mara mbili. Ya tatu inalipwa. Kabla ya malipo ya mwisho, mteja anaonyeshwa picha ndogo yenye alama katikati, siyo faili yenyewe. Makubaliano yote yaandikwe, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Mwaka 2025, benki za Bukavu zilipofungwa, wengi walibaki wakilipana kwa simu tu. Kijana asiye na laini iliyoandikishwa kwa jina lake mwenyewe alilazimika kupitia kwa mtu mwingine, na kila mtu wa katikati hukata chake.

Kuna jambo ambalo vitabu vya biashara havisemi, nasi tunalijua kwa miguu yetu. Kompyuta haikimbii vizuri. Katika mapigano ya Februari na ya Desemba 2025 watu wa bonde hili la Ruzizi walitoka na watoto na godoro, wengine wakavuka mpaka. Mashine iliyobaki nyumbani, mara nyingi haionekani tena. Kwa hiyo kila mwanafunzi anafungua anwani ya barua pepe na kujitumia humo kazi zake nzuri kumi, pamoja na orodha ya wateja wake. Akifika mahali pageni hana kitu mkononi, ataazima simu, ataifungua, ataonyesha: "Hii ni kazi yangu." Tunaona jambo hili ni kubwa kuliko somo lolote la rangi na herufi.

Wengine wanauliza juu ya kazi za ng'ambo kupitia intaneti. Inawezekana. Huko Kenya wakimbizi wa Dadaab na Kakuma wamefundishwa kazi hizo, na wapo waliopata wateja wa mbali. Lakini tusidanganyane. Soko kama Fiverr hukata asilimia 20: kazi ya dola 10 inabaki dola 8. Tena mara nyingi wanataka kitambulisho, na kwetu kwa miaka mingi kadi ya mchaguzi ndiyo iliyotumika kama kitambulisho. Aliyeipoteza njiani anafungiwa mlango. Mzazi, tunza kadi ya mwanao kama unavyotunza mbegu.

Tuna neno moja zito. Mchoraji anayetafuta wateja ataletewa pia kazi ya chuki: picha ya kudharau kabila, afishi ya kuita watu nyoka au wadudu, na italipwa vizuri kuliko kadi ya ndoa. Ng'ambo ya mto huu, Novemba 1993, gazeti la Kangura liliweka picha ya panga kwenye ukurasa wa mbele. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya Arusha ilimhukumu mhariri wake, na ukurasa ule ulikuwa miongoni mwa ushahidi. Kijana wetu awachoree Wafuliiru, Washi, Wabanyamulenge, Wabembe, Warundi, wote wanaolipa. Kazi ya chuki aikatae, na sisi wakubwa tumpe sababu ya kuweza kuikataa, yaani kazi nyingine.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi mambo mawili tu. Mkiwa na mkutano, sikukuu au kibao cha shule, waiteni kwanza vijana wa hapa, wenyeji na waliokimbia pamoja, kisha mlipe nusu ya avansi kama mnavyomlipa fundi wa nyumba. Na mwenye chumba chenye umeme wa jua, awakubalie saa mbili jioni. Vijana watano wanaweza kutumia kompyuta moja kwa zamu, kama wanafunzi wa Tingatinga kule Dar es Salaam walivyoshirikiana kuuza picha baada ya mwalimu wao kufa mwaka 1972.

Wanafunzi wamesimama pale karibu na mlango, simu zao zimejaa kazi. Tunawakaribisha mzitazame, muulize bei, na mbishane nao kidogo, wamejifunza kujibu.