MOYO WA MFANYAKAZI NA DAFTARI LA MWAJIRI

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama mwenzetu, ofisa utumishi mstaafu na mweka hazina wetu wa zamani, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi. Salamu za mwanzo zimefupishwa.)



Nimeambiwa nisiwachoshe, maana harufu ya pilau imeshafika mpaka hapa mbele. Nitajitahidi.

Mada niliyopewa ni uhusiano wa mwajiri na mfanyakazi. Wengine mtajiuliza, hayo yanatuhusu nini sisi watu wa hisa na mikopo? Nami nasema yanatuhusu sana. Miaka kumi iliyopita, tulipoanza, kila mmoja wetu alikuwa akijifanyia kazi mwenyewe. Mwenye vitumbua alikaanga mwenyewe, mwenye cherehani alishona mwenyewe. Leo, kwa mikopo hii hii ya kikundi, mama lishe wetu ana wasichana wawili wa kumsaidia, fundi cherehani ameweka mafundi wengine, mwenye duka ameweka kijana wa kuuza. Na karibu sote tuna dada wa kazi nyumbani. Bila huyo dada hata kikao cha Jumamosi tusingefika. Maana yake, jamani, tumekuwa waajiri. Tena tumekuwa waajiri bila kufundishwa na mtu.

Malalamiko nayasikia kila kikao. "Wasichana wa siku hizi hawana moyo wa kazi." "Ukimwachia biashara anakula mtaji." "Kaondoka bila kuaga." Na mara nyingi maneno hayo hutolewa kuwa ndiyo sababu ya rejesho kuchelewa. Mimi nimefanya kazi ya utumishi mpaka nikastaafu, na maneno hayo hayo nilikuwa nikiyasikia kwa mameneja wenye tai shingoni. Leo nataka kusema neno moja tu. Moyo wa kazi mtu haji nao wote kama anavyokuja na begi lake. Sehemu kubwa hujengwa au hubomolewa palepale kazini, kwa jinsi tunavyomwajiri, tunavyomlipa, tunavyosema naye na tunavyompumzisha.

NILIYOYAONA KIWANDANI

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo, jina lake nalihifadhi. Ulifika wakati hali ya fedha ikawa mbaya na mishahara ikaanza kuchelewa. Nikaagizwa nibandike tangazo: "Siku ya mshahara itatangazwa baadaye." Nikabandika. Hiyo "baadaye" ikawa wiki mbili, ikawa tatu. Watu wakaanza kuchelewa zamu. Kila Jumatatu nikawa napokea vyeti vya daktari. Kina mama waliokuwa wakiimba kwenye mashine wakanyamaza. Sisi ofisini tukasema hawa wamekuwa wavivu, na mimi nikakaa kuandika barua za onyo.

Mama mmoja wa idara ya kusokota nyuzi alipokuja kuchukua barua yake, aliniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, sisi kazi hatujaichukia. Tumechoka kutokujua. Mwenye nyumba akiniuliza kodi nitalipa lini, na mimi nimjibu baadaye?"

Sikuwa na jibu. Nilimwendea meneja, na baada ya kubishana sana tukakubaliana kwamba kila Ijumaa tubandike ukweli: fedha zilizoingia, madeni yaliyopo, na siku tunayotegemea kulipa. Tena wenye mishahara midogo watangulie. Sitawadanganya, mishahara iliendelea kuchelewa. Lakini watu walirudi kwenye zamu zao, na vyeti vya Jumatatu vikapungua. Yule mama hakupata nyongeza hata ya senti, ila sasa aliweza kumjibu mwenye nyumba.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu asiyejua kesho yake anaumwa kweli. Halali vizuri, kichwa kinamgonga, anagombana na watoto kwa jambo dogo. Ugonjwa huo unaanzia kazini, unamalizikia nyumbani, na kesho yake anaurudisha kazini kwako.

SI FEDHA PEKE YAKE, WALA SI MANENO PEKE YAKE

Hili halikuwa la kiwanda changu tu. Wazee wenzangu mnakumbuka Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Ibara ya 15 ilikataza viongozi kuwa na kiburi, dharau na uonevu kwa wanaowaongoza. Wafanyakazi waliisoma ibara ile, wakaishika. Miaka miwili iliyofuata kukawa na migomo viwandani, hasa Dar es Salaam. Wachunguzi wa wakati ule, kama Profesa Issa Shivji, waliandika kwamba mengi ya malalamiko yale hayakuwa ya mshahara tu. Watu walikuwa wamechoka kutukanwa na kudharauliwa na wakubwa wao. Mtu anaweza kuvumilia mshahara mdogo kwa muda. Kudharauliwa mbele ya wenzake hakusahau.

Lakini nisieleweke vibaya. Wako wanaodhani ukimchekea mfanyakazi na kumwita "mwanangu" inatosha, na mshahara unaweza kusubiri. Katika mafunzo yetu ya utumishi tulisomeshwa habari za kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, Marekani. Mwaka 1927 walichaguliwa wasichana watano waliokuwa wakiunganisha vifaa vya simu, wakawekwa chumba chao. Wakapewa mapumziko, wakafupishiwa saa, wakaulizwa maoni yao, na kazi ikaongezeka. Walimu wakatuambia: mnaona, mtu akijaliwa anafanya kazi! Ni kweli, lakini hadithi haikuishia hapo. Wasichana wale pia walikuwa wamebadilishiwa utaratibu wa malipo, wakawa wanalipwa kufuatana na kazi ya kikundi chao kidogo. Tena mwaka 1928 wawili kati yao waliondolewa wakaletwa wengine, kwa kuonekana hawashirikiani na wakubwa. Wataalamu wanabishana mpaka leo ni lipi hasa lililoleta ongezeko lile. Mimi somo ninalolichukua ni kwamba mapumziko, malipo na kusikilizwa huenda pamoja kama mafiga matatu. Ukitoa figa moja, chungu kinamwagika. Maneno matamu hayalipi ada ya shule.

LA KWANGU MWENYEWE

Sasa ndugu zangu, nisije nikaonekana nawasema wengine. Naomba nitubu la kwangu.

Mnajua nilikuwa mweka hazina wenu. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Kila hisa inagongwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama. Mwisho wa kikao hesabu inasomwa kwa sauti, kila mtu anasikia. Akichelewa Mwenyekiti, anapigwa faini kama mwingine. Hatukuanza kuaminiana kwa sababu sisi ni malaika. Mnakumbuka kikao cha kwanza tulivyotazamana kwa macho ya pembeni! Kuaminiana kuliletwa na zile kufuli na lile daftari, wiki baada ya wiki.

Katika miaka hiyo hiyo nyumbani kwangu alikuwapo binti aliyenisaidia kazi. Mshahara tulikubaliana kwa mdomo. Akaniomba nimtunzie fedha zake, nami nikamwambia, "Usijali, mimi ndiye mweka hazina wa watu wote hawa." Mama yake akiumwa, natuma kidogo. Akitaka kanga, namkata. Yote nayaweka kichwani. Baada ya mwaka na miezi akaniomba fedha zake aende kwao kuezeka nyumba ya mama yake. Nikapiga hesabu yangu, naye akapiga yake, zikapishana. Sikumtukana, lakini nilimwambia neno baya kuliko tusi: "Umekula kwangu, umelala kwangu, leo unanihesabia?"

Alinyamaza. Alfajiri nikakuta uwanja umefagiliwa, vyombo vimeoshwa, ufunguo uko juu ya meza, yeye hayupo. Majirani wakanipa pole: "Ndivyo walivyo hao." Na mimi nikaitikia, ndivyo walivyo.

Ilinichukua muda mrefu kujiuliza swali lililokuwa wazi. Fedha za wanachama nilizitunza kwa kufuli tatu. Za yule binti, ambaye hakuwa na kitu kingine, nilizitunza kwa mdomo. Nani angekuwa na moyo wa kazi hapo? Nilimtafuta kupitia kwa shangazi yake, nikampelekea fedha kwa hesabu yake, siyo yangu. Alizipokea na kunitumia salamu. Hakurudi, na sikuwa na haki ya kumwomba arudi.

SHERIA INASEMAJE

Wengi tunadhani sheria za kazi ni za viwanda na maofisi. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inamhusu hata msichana wa jikoni kwako. Kwa kifupi inasema hivi:

Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku. Kila wiki apate mapumziko ya saa 24 mfululizo. Kila mwaka apate likizo ya siku 28 yenye malipo. Mama aliyejifungua anastahili likizo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi apewe nafasi ya kunyonyesha mpaka saa 2 kwa siku. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa. Masharti ya kazi yawe kwa maandishi. Kima cha chini cha mshahara hutangazwa na serikali kwa kila sekta, na watumishi wa majumbani wamo. Tuulizane, na tukiwa na shaka twende ofisi ya kazi.

Dunia nayo imelitambua jambo hili. Mwaka 2011, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 189 unaosema kuwa kazi ya nyumbani ni kazi kama kazi nyingine.

Najua mtasema, "Mama, mimi mwenyewe nahangaika, hayo yote nitayaweza wapi?" Nakubali ni mzigo. Lakini hebu tuhesabu na gharama ya upande wa pili. Msichana akiondoka, unafunga genge siku ngapi? Mpya unamfundisha wiki ngapi kuwajua wateja wako? Mteja aliyejibiwa vibaya na mtu mwenye uchungu moyoni, anarudi? Hiyo nayo ni fedha, ila hatuiandiki popote.

MAPENDEKEZO

Ndugu Mwenyekiti, natoa mapendekezo manne, na naomba yajadiliwe katika kikao cha kawaida.

Kwanza, kila mwanachama aliyeajiri mtu, hata mmoja, awe na daftari la mshahara. Yaandikwe makubaliano, siku ya kulipa, kilicholipwa na kilichokatwa. Wote wawili watie sahihi au dole gumba, na mfanyakazi abaki na nakala yake.

Pili, siku ya mapumziko itajwe kwa jina. "Utapumzika nikipata nafasi" siyo mapumziko.

Tatu, makosa yasemwe faraghani. Tusiwagombeze wasichana wetu mbele ya wateja wala mbele ya watoto tunaotaka wamheshimu dada yao. Na tuwape nao nafasi ya kusema. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kujua kwa nini maandazi yanabaki.

Nne, na hili najua litaleta maneno, kamati ya mikopo iongeze swali moja kwenye fomu: "Je, unadaiwa mshahara na mtu yeyote?" Anayedaiwa amalize kwanza, ndipo apewe mkopo mpya. Tukimpa mtu mtaji naye hajamlipa aliyemzalishia rejesho la mkopo uliopita, basi gawio letu la mwisho wa mwaka lina jasho la mtu ndani yake.

Pia tusiwatunzie fedha zao. Tuwasaidie wafungue akaunti zao. Na kama katiba yetu inaruhusu, kwa nini wasiingie na wao kununua hisa? Sisi tulianza na hisa moja moja, na wapo humu waliokuwa madada wa kazi wakati tunaanza. Leo wana wafanyakazi wao. Hao hawahitaji mazungumzo yangu, wanajua wenyewe.

Ndugu zangu, haba na haba tumejaza kibaba kwa miaka kumi. Yako mengi ya kusherehekea leo. Jioni hii, tutakapofika nyumbani tumechoka na furaha, atakayetufungulia mlango ni yule aliyebaki na watoto ili sisi tuje kucheza ngoma hapa. Naomba tusimpite tu. Tumpe ahsante, tumpe chakula chake cha sherehe, na Jumatatu tununue daftari.