Kaye moja kwa kila nyumba

Maneno tuliyosema mbele ya jamaa zilizohama na viongozi wao, kandokando ya Ziwa Kivu

Tunajua kwamba anayekaa katika kikao asubuhi hii amekosa kibarua cha leo. Kwa hiyo tutasema mambo ya kazi tu.

Tunapenda kila jamaa iwe na kaye yake ya nyumba. Si orodha ya msaada, wala hakuna shirika litakalokuja kuikusanya. Ni yenu, inakaa ndani ya sasheti ngumu iliyofungwa vizuri, pamoja na karata ya mchaguzi, karata za chanjo na jetoni. Andikeni kwa penseli. Penseli inabaki hata ikipata mvua.

Sababu yake mnaijua. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya Goma ilipoamriwa kuhama, watoto wengi walipotezana na wazazi wao njiani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita viliingia Goma, na kambi zilizozunguka mji zikaachwa kwa siku chache. Watu walibeba tena yale waliyokuwa wamebeba mara ya kwanza. Kila mara matatizo ni yale yale. Simu inapotea au inanyang'anywa, na namba zote zinakwenda nayo. Mtoto wa miaka minne akiulizwa jina la mama yake, anajibu: «Mama».

Basi ukurasa wa kwanza uwe na majina yote ya kila mtu wa nyumba, mwaka na mahali alipozaliwa, na namba za simu za watu watatu. Mmoja wao akae mbali na vita, Kisangani, Lubumbashi au hata Kampala, ili kila aliyepotea aweze kumwita yeye. Andikeni pia mahali pawili pa kukutana: pa karibu, na pengine pa mbali ikiwa njia ya kwanza imefungwa. Wadogo wasioweza kusoma wafundishwe kwa kuimba jina la baba, jina la mama na jina la kijiji. Mtoto akipotea hata hivyo, nendeni kwa Msalaba Mwekundu. Kazi ya kutafuta ndugu wanaifanya bure. Mtu akiwaomba pesa kwa ajili hiyo, msimpe.

Kuhusu watoto wanaozaliwa hapa: sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inayolinda mtoto inatoa siku 90 za kumtangaza mtoto kwa ofisi ya serikali, bila malipo. Siku hizo zikipita, mambo yanakwenda kwa mahakama, na mahakama inataka gharama. Kwa hiyo siku ileile andikeni tarehe, saa na jina la kituo cha afya, na mtunze karatasi ya mkunga. Wakubwa, hapa tunawasemea ninyi: Mapatano ya Kampala ya mwaka 2009 juu ya waliohama ndani ya nchi zao yanadai wapewe vyeti tena vikipotea. Msimwambie mtu, «karatasi yako imeungua, basi».

Ukurasa wa magonjwa usiwe mrefu. Kuhara kama maji ya mchele ni dalili ya kipindupindu: mgonjwa aende katika kituo cha afya mara moja, na njiani anywe maji ya chumvi na sukari. Kwa litre moja ya maji yaliyochemshwa au kutiwa klori, ni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Maji yakiwa na chumvi kuliko machozi, yamwageni mtengeneze mengine. Mnyonyeshaji aendelee kunyonyesha. Kwa wanaokaa upande wa Bulengo, Mugunga na Sake, andikeni mahali palipo na mazuku. Ile hewa ni nzito, inalala katika mabonde madogo hasa usiku na alfajiri, haina rangi, na mtoto aliyetumwa kuni hawezi kuiona.

Kuna jambo lingine ambalo wababa wengi hawapendi tuliseme hadharani. Mtu aliyebakwa, awe mwanamke, msichana au mwanaume, afike kwa mganga kabla ya saa 72, maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi haifai baada ya hapo. Aende hata kama hataki kushitaki. Hayo yaandikwe bila jina la mtu.

Sasa, yale yasiyopaswa kuandikwa. Kaye inaweza kufunguliwa kwenye barieri. Msiandike kabila la jirani, wala nani alipita na kundi gani, wala nani anasemwa kwamba aliua. Kuna mahali pa kushuhudia hayo, na si ndani ya sasheti inayobebwa na mtoto. Mashamba ni jambo gumu zaidi. Atakayerudi Masisi au Kalehe atakuta mtu mwingine amelima, na bila kumbukumbu maneno yatakuwa mengi. Tunaona ni vizuri kuandika mipaka jinsi ilivyokuwa: mto, mti, jiwe, na majina ya majirani wanaoijua. Lakini msiandike neno lolote la hasira juu ya anayelima leo. Ukurasa ule utasomwa mbele ya wazee wa pande zote mbili.

Zinazobaki ni kurasa za kila siku, na kusema kweli hizi ndizo zitakazofungua kaye mara nyingi. Ugomvi mwingi tunaoletewa si wa vita. Ni wa unga uliouzwa bila mama kujua, wa deni la baba dukani, wa zamu ya likelemba, wa choo kimoja kwa jamaa mbili. Jamaa iliyopokea na jamaa iliyopokelewa ziandike pamoja: nani anachota bidoni ngapi, nani anasafisha lini, kuni zinanunuliwa na nani. Na bwana na bibi waandike pamoja pesa iliyoingia na iliyotoka, hata ikiwa ni franka 500. Kaye si ya baba peke yake. Anayejua kuandika ni mtoto wa shule? Basi aandike yeye, mama aseme. Pasipo anayejua, chorani: bidoni, gunia, jembe.

Kaye na penseli ziko kwa katibu wa kambi, moja kwa kila jamaa. Vijana wanne watabaki hapa mpaka saa nane kusaidia ukurasa wa kwanza. Sasa tunasikiliza maswali yenu.