Njia ya Sodiamu: Mchu, Mpunga na Ardhi ya Chumvi



Katika delta ya Rufiji mpunga na mikoko ni majirani. Wakulima wa kaskazini mwa delta wamekuwa wakifyeka mikoko na kulima mpunga humo; baada ya misimu kadhaa chumvi hupanda, mavuno hushuka, shamba likaachwa. Pemba nako maji ya bahari yameingia katika mabonde yaliyokuwa yakilisha watu. Mmea mmoja hufa katika tope lile lile ambamo mwingine unastawi. Jioni hii nataka kuonyesha kwamba tofauti yao imo katika njia ambayo sodiamu hupitishwa ndani ya mmea, na kwamba hapo ndipo tunapopaswa kuelekeza nguvu zetu.

Chumvi huudhuru mmea kwa namna mbili. Ya kwanza ni kiu. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na chumvi hiyo huyashikilia maji kwa nguvu inayokaribia mara 25 ya mgandamizo wa hewa. Mizizi isiyoweza kuvuta kupita nguvu hiyo hulowa huku mmea ukinyauka. Mwaka 1965 Per Scholander na wenzake walichapisha vipimo vya mvuto wa maji ndani ya mimea, na katika mikoko mvuto huo ulizidi mara 30 ya mgandamizo wa hewa.

Ya pili ni sumu, nayo huja taratibu. Sodiamu inashabihiana na potasiamu kiasi cha kupenya katika milango yake. Vimeng'enya zaidi ya 50 huhitaji potasiamu. Sodiamu ikikalia nafasi hiyo, kazi ya seli huvurugika. Majani makongwe, yaliyopitisha maji kwa muda mrefu zaidi, ndiyo hutangulia kukauka, tangu nchani. Mkulima huiona dalili hiyo kabla mtafiti hajafika na vipimo vyake.

Sasa naomba tufanye hesabu moja, kwa sababu ndiyo iliyobeba mhadhara huu. Mmea hupitisha maji takriban mara 50 ya yale yanayobaki mwilini mwake. Maji huondoka kama mvuke, chumvi haiondoki. Ili majani yasiwe na chumvi nyingi kuliko udongo wenyewe, mizizi lazima izuie takriban asilimia 98 ya sodiamu. Mizizi inayozuia asilimia 90 inaonekana hodari, kumbe inayajaza majani chumvi mara 5 ya ile ya udongo.

Ulinzi huanza kwenye utando wa seli za mzizi. Humo mna protini iitwayo SOS1, inayoirudisha sodiamu nje kwa kutumia nguvu ya ayoni za haidrojeni. Haifanyi kazi ovyo: kalsiamu ikipanda ndani ya seli, SOS3 huitambua, huiamsha SOS2, nayo SOS2 huiwasha SOS1. Ndani zaidi kuna ukanda wa Caspary, unaoziba nafasi zilizo kati ya seli. Hapa mpunga una udhaifu wake mkubwa: ukanda huo hauzibi kikamilifu, na sodiamu hupenya pamoja na maji bila kupita katika utando wa seli yoyote.

Iliyokwisha kupenya hukutana na kizuizi kingine kandokando ya zailemu, mirija inayopandisha maji. Protini ya HKT1;5 huikamata sodiamu iliyomo katika maji yanayopanda na kuirudisha kwenye seli za jirani, isifike majanini. Mwaka 2005 watafiti wa China walitambua jeni ya protini hiyo katika Nona Bokra, mpunga wa asili wa India ambao wakulima waliutunza vizazi na vizazi katika ardhi ya chumvi. Mwaka 2012 Rana Munns na wenzake nchini Australia wakaonyesha kwamba jeni ya jamii hiyo hiyo, iliyotoka kwa jamaa wa kale wa ngano na kuingizwa kwa uzalishaji wa kawaida, iliongeza mavuno ya ngano ya tambi kwa asilimia 25 katika shamba lenye chumvi.

Sodiamu iliyofika janini huweza kufungiwa ndani ya vakuoli, ghala lililomo ndani ya seli, na protini ziitwazo NHX. Mwaka 1999 kundi la Eduardo Blumwald lilizidisha mojawapo ya protini hizo katika mmea mdogo wa maabara, nao ukamea kwenye maji yenye takriban gramu 12 za chumvi kwa lita. Matumaini yalikuwa makubwa, na kazi yenyewe ni nzuri mno. Lakini vakuoli hujaa. Kwa mpunga, naona mlango wa zailemu una thamani kubwa kuliko ghala la jani.

Mchu, ambao wanasayansi huuita Avicennia marina, hufanya yote hayo kisha huongeza jambo. Mizizi yake huzuia sehemu kubwa kabisa ya chumvi, na kiasi kinachopenya hutolewa nje na tezi za majani. Wanafunzi wangu, nendeni Kunduchi wakati wa kiangazi mkalambe jani la mchu. Mtaielewa fiziolojia kwa ulimi. Mkoko wa Rhizophora hauna tezi hizo. Hutegemea zaidi kuzuia chumvi mizizini.

Tezi za mchu hatuwezi kuzihamishia kwenye mpunga kesho, wala hakuna jeni itakayofanya kazi ya mfereji wa kutoa maji. Jaruba lisilo na njia ya kutokea maji litaendelea kukusanya chumvi, liwe na mbegu gani. Mikoko ikibaki ukingoni mwa bahari, mabonde nyuma yake hupata kinga. Tunachoweza kuanza sasa ni kuzalisha mbegu kwa kupima uwiano wa sodiamu na potasiamu katika majani, pale pale kwenye mabonde ya wakulima, na kuupima mara mbili: kitaluni na wakati wa kuchanua. Sehemu ya jenomu iitwayo Saltol, iliyotoka kwa mpunga wa Pokkali wa Kerala, husaidia zaidi miche. Uvumilivu wakati wa kuchanua hutegemea jeni nyingine, na chumvi ya wakati huo ndiyo huacha mashuke yakiwa na mapepe matupu.